Karibu ya Tatu

Mama mwingine angeshtuka. Peninah alifurahi, na furaha hiyo iliwapotezea wiki nzima.

Ilikuwa Jumanne, jua halijazama, nyumbani kwao ughaibuni, mjini Columbus. Mezani palikuwa na ugali, sukuma wiki na kuku. Silas, mumewe, alikaa upande wa dirisha. Marion, binti yao wa miaka sita, alikaa mkabala na kiti cha nne, ambacho kilikuwa kitupu kama siku zote. Marion alikuwa mtoto wa kuongeleshwa Kiswahili akajibu Kiingereza. Tangu aanze kusema, Peninah alikuwa akimfundisha adabu za nyumbani na hazimwingii: ukipewa kitu sema asante, ukiambiwa asante jibu karibu, ukiwa unakula na mtu amesimama anakutazama, usimeze kabla hujamwambia karibu. Marion alikuwa akibetua mabega tu. Jioni ile, bila kuambiwa na mtu, alisukuma sahani yake kuelekea kile kiti kitupu akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha baba yake, "Karibu, babu."

"Umesikia?" Peninah alimpiga Silas kiwiko. "Umemsikia mtoto wangu?"

"Nimesikia," Silas akasema. "Lakini babu gani?"

Peninah hakujali babu gani. Alikuwa anatafuta simu ampigie shemeji yake. Walipoondoa vyombo, glasi ya maziwa ya Marion, ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa imefika nusu, na ukingoni kulikuwa na alama ya mdomo, nyekundu iliyofifia. Peninah aliisuuza akiimba.

Hapa lazima niitaje safari waliyokuwa wametoka kuifanya, ingawa wenyewe hawakupenda itajwe. Peninah na Silas ni Wasabato, na kanisa lao pombe haliiangalii hata kwa jicho moja. Basi walipotimiza miaka kumi ya ndoa, wakataka kuzunguka Italia kutembelea mashamba ya mizabibu na watengenezaji wa mvinyo, kama wenzake Silas kazini wanavyofanya, waliwaambia wazee wa kanisa kwamba wanakwenda kutazama mashamba ya matunda. Si uongo, zabibu ni tunda. Marion walimwacha kwa Festus, ndugu yake Silas, anayeishi Cheektowaga karibu na Buffalo, na Festus akawavusha daraja la Kanada wakapandie ndege Toronto.

Walikaa siku kumi. Walianza Toscana, wakapita Veneto, wakamalizia kwenye vilima vya Piemonte, ambako asubuhi ukungu hulala juu ya mizabibu mpaka saa nne. Walifundishwa kuzungusha glasi, kunusa, kuonja, kisha kutema kwenye ndoo. Silas alitema. Peninah alikataa katakata. Kwao hutemi kinywaji cha mtu mbele ya macho yake. Hivyo alimeza vyote, na kufikia shamba la nne alikuwa mchangamfu kuliko mwongozaji.

Kwenye shamba hilo la nne waliteremshwa ghalani, chini ya ardhi, mapipa yamepangwa mpaka gizani. Mwongozaji akapanda juu kufuata jibini, na Silas akamfuata kutafuta choo. Peninah alibaki na glasi yake. Alipoinua kunywa akamwona mzee amesimama kati ya mapipa mawili, koti la sufu la rangi ya udongo, mikono imening'inia, macho yake yote kwenye ile glasi. Mtu anaweza kunywaje akitazamwa namna ile?

"Karibu," Peninah akasema, akamnyooshea glasi.

"Asante," mzee akajibu.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, na mvinyo ulikuwa umemwingia vizuri, Peninah akaongeza, "Siku moja karibu kwetu pia. Columbus."

Mzee alitabasamu. Silas aliporudi hapakuwa na mtu, na glasi ya mkewe ilikuwa tupu. Walinunua chupa moja, wakaja kuificha nyuma ya mfuko wa unga wa ugali, wasije wageni wa kanisani wakaiona. Ni siku ile wakirudi na Marion kutoka Buffalo, wamekaribia Erie, ndipo Peninah alipojiuliza yule mzee wa vilimani alijifunza wapi Kiswahili. Akajijibu kwamba alikuwa amelewa, akaona aibu, akanyamaza.

Sasa Marion alikuwa akikaribisha kila mlo. Wiki ya pili uso wake ulichongoka na sketi ya shule ikashikiliwa kwa pini. Kliniki walimpima damu, wakapima tena, wakasema mtoto mzima, ila amepungua pauni tano.

"Anakula vizuri?" daktari aliuliza.

"Sahani inaisha," Peninah akasema. Ilikuwa kweli. Sahani ilikuwa ikiisha.

Siku hiyo hiyo alimkataza Marion kusema lile neno mezani. Mtoto alimtazama kwa mshangao, akajibu kwa Kiingereza kwamba mama ndiye aliyemfundisha. Kisha akasema babu anasema mama ndiye aliyemkaribisha. Peninah alimvuta Silas mpaka chumba cha kufulia, akafunga mlango, akamsimulia kwa kunong'ona habari za ghalani.

"Ulimwambia karibu?" Silas alinong'ona naye. "Mtu humjui?"

"Alikuwa ananitazama nikinywa. Ningefanyaje?"

Silas alikaa juu ya kikapu cha nguo. "Peninah, hilo ni jini."

Basi ikaja harufu, kwanza kabatini, udongo mbichi na mbao zilizolowa, halafu kwenye mapazia, halafu kwenye nywele za Marion hata akitoka kuoga, ile ile harufu ya ghala la Piemonte ambayo Peninah angeitambua popote, na pamoja na harufu ikaja sauti, sauti ya koo, koo la mtu mzima linalomeza bila haraka, likatulia, likameza tena, ikitokea pale pale kwenye kiti cha nne saa saba mchana, jua linawaka dirishani na majirani wanakata nyasi, huku Marion amekaa mkabala na kiti hicho, mikono mapajani, akingoja kwa subira kama mtoto anayesubiri mkubwa amalize ndipo naye aruhusiwe kula. Walijaribu kumlisha garini. Walijaribu kumlisha chooni wamefunga mlango. Kijiko kilifika mdomoni kitupu.

Wakamwita Mzee Ombati, mzee wa kanisa. Alikuja Sabato baada ya ibada na Biblia kubwa, akasimama nyuma ya kiti cha nne, akakemea kwa sauti iliyotetemesha vyombo. Alimwita jini mwizi, mbwa, taka ya kuzimu. Alipomaliza, wote wakaitikia amina. Walikuwa watu wanne chumbani, na amina zilikuwa tano. Ya tano ilikuwa nzito, ya kizee, na ilichelewa kidogo. Mzee Ombati alifunga Biblia, akasema amekumbuka ana kikao, na chai yake ikabaki inafuka mezani. Haikufuka sana. Ikanywewa.

Jumatatu iliyofuata, Peninah alilia kazini, kwenye makao ya wazee anakouguza. Mwenzake wa zamu, Grâce, Mkongo wa Bukavu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akamwandikia anwani ya shangazi yake aliyeko Shively, Louisville. "Mama Cibalonza anaombeaka watu," alisema. "Muende mara moja. Huyu mutoto hatafika Noeli."

Waliendesha kwa saa tatu na nusu. Mama Cibalonza alikuwa mwanamke mfupi, ndio kwanza anatoka zamu ya ghala la vifurushi, bado amevaa fulana yake ya manjano inayong'aa. Hakuwa na ubani wala kitambaa chekundu. Alimpapasa Marion mabega, akahesabu mbavu kwa vidole, akamgeukia Peninah.

"Ulimuambia nini kabisa? Neno kwa neno."

"Karibu. Halafu nikamwambia karibu kwetu."

"Donc hakuiba kitu." Mama Cibalonza aliketi. "Haiko mwizi, iko mugeni. Mwizi anafukuzwaka. Mugeni anasindikizwaka. Ule muzee wenu wa kanisa alimutukana mugeni mbele ya chakula, njo maana alikasirika."

"Mtoto wangu anaisha, mama," Peninah akasema. Alisema wazi, machozi yanamtiririka, hakuyafuta.

"Naona. Weye ulifungua mulango, mutoto anamutandikia meza. Mulikuya na njia gani kutoka kule?"

"Ndege mpaka Toronto, halafu daraja la Buffalo."

"Bon. Atarudilia ile njia. Mutamufungia chakula ya safari. Mutamuweka mbele ku motokari, juu ya heshima. Ku maji, pale ku daraja, utamumwangia pombe yake, utasema kwaheri, safari njema. Njo basi. Hapana kugeuka." Aliinua kidole. "Na ile karibu isitoke tena mu kinywa. Ku chakula, hapana. Ku kuagana, karibu tena, hapana kabisa. Ukirudilia ile neno hatakuwa tena mugeni. Atakuwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba, mama, hakuna mutu anamusindikizaka."

"Asante sana, mama," Silas alisema mlangoni. Mama Cibalonza alitikisa kichwa tu, akafunga mlango.

Walilala Columbus. Asubuhi Peninah alipika ugali na kuku, akafunga kwenye karatasi ya kufungia chakula, akaitoa ile chupa nyuma ya unga. Yeye na Marion waliketi nyuma. Silas alifungua mlango wa mbele wa gari, akasubiri kama anayemsubiri mkwe, akaufunga. Alipowasha gari, likaanza kulia: abiria wa mbele hajafunga mkanda. Lililia mpaka mwisho wa mtaa. Hatimaye Silas alinyoosha mkono bila kutazama, akavuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga, na mkanda ukakaa umetuna mbele, na gari likanyamaza.

Waliendesha kwa saa tano na ushee. Walipita Cleveland, wakapita Erie, vioo vikiwa na ukungu kwa ndani, harufu ya udongo ikiwa nzito mpaka Silas akafungua dirisha. Peninah alikuwa ameuma mdomo wa chini, akijirudia moyoni, kwaheri, safari njema, kwaheri, safari njema. Marion alilala mapajani pake, mwepesi kama nguo za kufua.

Walifika Buffalo saa saba mchana, upepo unavuma. Waliegesha palipo na ngazi za kushuka mtoni, daraja likionekana juu yao na malori yakielekea Kanada. Silas aliteremka kwanza, akafungua mkanda, akafungua mlango, akasubiri tena, kisha akarudi kwenye usukani. Peninah alishuka ngazi peke yake na kifurushi na chupa. Alisikia viatu nyuma yake, polepole, viatu vya mtu mwenye magoti mabovu. Aliweka chakula kwenye jiwe la mwisho. Akamimina mvinyo wote, mwekundu, ukapotea majini. Viatu vilimpita, vikasimama ukingoni.

"Kwaheri, babu," alisema. "Safari njema."

Harufu ikakatika. Alivuta pumzi, akanusa mto, moshi wa malori, na mahali fulani mtu anachoma nyama, basi. Akageuka kuelekea ngazi, mgongo wake kwa maji kama alivyoagizwa. Juu, dirisha la gari lilikuwa wazi na Marion ametoa kichwa nje.

"Mom! Nina njaa!"

Baada ya wiki zote zile. Silas alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anampa pakiti ya krispi za viazi, na mtoto anazitafuna kwa fujo, zinaingia kweli, zinashuka kweli. Peninah alipanda ngazi akikimbia. Festus alikuwa anawapikia Cheektowaga, na leo Marion angekula mpaka alale mezani. Alikuwa amefika ngazi ya mwisho, moyo wake umejaa, mdomo wake umelegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, aliposikia kutoka chini kabisa, karibu na maji, sauti ya upole ya mtu mzima aliyeridhika.

"Asante, binti yangu."

"Karibu," Peninah akajibu.

Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kwa kila mtu aliyelelewa vizuri. Mama Cibalonza alimkataza karibu ya chakula, akamkataza na karibu ya kuagana. Hii ya tatu hakuitaja, maana kwao mtu akishukuru unatikisa kichwa, yakaisha. Peninah alisimama na mkono mdomoni. Chini kulikuwa kimya, kisha viatu vikaanza kupanda, na safari hii havikuwa vya mtu mwenye magoti mabovu.

Alikimbilia ndani ya gari, akafunga mlango, akamkumbatia Marion.

"Endesha," alisema. "Silas, endesha tu."

Silas aliwasha gari. Kisha gari likaanza kulia. Silas alitazama mbele, uso wa mkewe akiuona kwenye kioo. Alinyoosha mkono akavuta mkanda, lakini mkono mwingine, baridi, wenye udongo kwenye kucha, ulishauchukua, ukaufunga wenyewe.

Marion aliacha kutafuna. Alikunja mdomo wa pakiti vizuri, akaipitisha mbele kati ya viti viwili, akangoja.