Dakika Kumi na Nne za Ruo

Simu ya stesheni ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena.

Ndiyo alama.

Laurenti Mboni, mpelelezi wa usalama, akaipokea. Aliyepiga alikuwa mkuu wake, Bwana Huseni, kutoka Lindi.

"Korosho zimelowa," alisema Huseni, maana yake siri imevuja. "Mshonaji, mwenye cherehani ya Singer. Anapeleka majina Mtwara. Yasipite Ruo."

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru. Ruo ndipo reli za kusini zilipokutana. Abiria wa Nachingwea walishukia hapo, wa Mtwara wakapanda huku, wa Lindi kule.

Treni zilisubiriana hapo dakika kumi na nne tu.

Saa saba mchana treni ya Nachingwea ikaingia. Laurenti akaishika bastola yake ya Beretta mfukoni, akapenya katikati ya magunia na watu.

Akamwona. Mzee mwembamba, cherehani begani, anakimbilia treni ya Mtwara.

Laurenti akaruka reli, akamzibia njia nyuma ya tangi la maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Kisha mzee akaiona bastola ikitoka mfukoni. Akaitua cherehani chini.

"Ifungue hiyo."

Mzee, jina lake Nikodemo, akaifungua. Ndani, penye bobini ya uzi, mlikuwa na filamu ndogo ya Minox, kamera ya majasusi. Humo mlikuwa na majina ya kaya thelathini na moja zilizowahifadhi wapigania uhuru wa ng'ambo ya Ruvuma.

Kaya thelathini na moja za kuchinjwa.

"Umeyapata wapi?"

"Nawashonea nguo. Waliniamini. Nikalipiga picha daftari lao."

"Kwa nini, mzee?"

"Wareno wanaye Yustina, binti yangu. Ana miaka tisa. Walimchukua Mueda, kwa bibi yake. Filamu ikifika, wanamvusha mto Jumamosi."

Laurenti akaichukua cherehani. Aliivuta filamu yote, akaianika juani. Mzee akaguna kama mtu aliyechomwa kisu.

Kisha Laurenti akaizungusha upya, akairudisha mahali pake.

"Jua limeiunguza, picha zimefutika, lakini kwa macho haijulikani. Mpaka waisafishe, siku tatu zimepita. Wapelekee. Mwanao avuke kwanza. Anayepokea ni nani?"

"Mzungu wa kofia ya ukindu. Daraja la kwanza."

"Nenda."

Nikodemo akairudisha cherehani begani. Akaenda.

Zilibaki dakika sita. Laurenti akakimbilia simu, akampigia Huseni.

"Majina yameteketea. Mshonaji namwachia apite, akampe filamu Mzungu aliye treni ya Mtwara. Wana mtoto wake."

"Mtoto gani?"

"Yustina."



"Laurenti, yule mtoto alikufa tangu Kwaresma. Surua. Mtu wetu wa ng'ambo aliliona jeneza. Wakamficha baba yake. Wakamate wote wawili."

Laurenti aliweka simu polepole. Kisha akakimbia.

Nikodemo alikuwa ameshakanyaga ngazi ya behewa, uso umemchanua.

"Shuka, mzee."

"Umeniruhusu, mwanangu."

"Yustina hayupo tena. Surua. Tangu Kwaresma."

Firimbi ikalia.

Mzee alikiachia kishikio cha mlango.  Akashuka, mguu mmoja kisha mwingine, akanyoosha kidole kwenye dirisha la daraja la kwanza.

"Yule pale."

Laurenti akalivamia behewa. Mzungu akatia mkono ndani ya koti. Kitako cha Beretta kikampiga kifundo cha mkono, bastola yake ya Walther ikaanguka sakafuni.

Pingu.

Treni ya Mtwara ikaondoka bila Mzungu huyo. Askari wawili wa stesheni wakamchukua.

Nikodemo alikuja mwenyewe, mikono mbele. Laurenti akamfunga, maana kazi ni kazi.

"Wamemzika wapi?"

"Sijui, mzee."

"Bibi yake atakuwa anajua." Akafikiri kidogo. "Kama naye yupo."

Laurenti akavaa miwani yake ya jua. Akamshika mzee kiwiko, wakavuka reli taratibu hadi treni ya Lindi.

Akampa kiti cha dirishani, akakaa naye mpaka Lindi bila kumwuliza kitu.