Nani Amepandisha Bei?

Asubuhi ile Hansaben alikuwa akimenya maharage mabichi ya undhiyu, chakula cha sikukuu ya tiara. Oda zilikuwa nyingi, maana mtu wa Ahmedabad harushi tiara bila undhiyu. Mumewe Kirtibhai, fundi cherehani, hakushika hata sindano. Alikodolea macho simu.

"Hisa za kile kiwanda cha pampu zimepanda siku nne mfululizo!" alisema. "Tutie ile ada ya Urvi. Wiki tatu tu, tunairudisha na faida."

Binti yao Urvi alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ada ilitakiwa mwezi ujao.

"Ikipotea, utamshonea chuo kwa cherehani?" Hansaben aliuliza kwa hasira.

Akamwita jirani yao Falguniben, mfanyakazi wa wakala wa hisa.

"Shemeji, kiwanda kimepata kazi mpya?" Falguniben aliuliza.

"Sijui. Lakini bei inapanda!"

"Basi sikiliza. Watu wengi wamenunua haki ya kuuziwa hisa hizi baadaye, kwa bei iliyopangwa leo. Aliyewauzia haki hiyo anaogopa hisa zisije zikampandia. Kwa hiyo ananunua hisa mapema, ajikinge. Kununua kwake kunaweza kupandisha bei."

Kirtibhai alikuna kichwa. "Hapo umeniacha."

Hansaben akacheka. "Mimi hajaniacha! Nimepokea oda kwa bei isiyobadilika. Nikaogopa maharage yatapanda, nikakimbilia sokoni. Wenzangu nao hivyo hivyo. Bei ikapaa. Nani kaipandisha? Si sisi wenyewe!"

"Na sikukuu ikipita?" Falguniben akauliza.

"Maharage yanakosa mnunuzi."

"Umemaliza, dada. Haki hizi zinakwisha Jumanne ya mwisho wa mwezi. Hapo waliojikinga huenda wakauza, na bei ikashuka. Si lazima, lakini huenda. Hisa si mbaya, shemeji. Uliza kwanza kwa nini zimepanda. Na ada ya mtoto usiiguse."

Kirtibhai alinuna, lakini ada hakuigusa. Jumanne ile ilipita. Jumatano hisa ziliporomoka. Kirtibhai alivaa viatu akaenda chuoni kulipa.

Siku hizi hununua hisa chache kwa akiba ya ziada, tena akishasoma habari za kampuni. Urvi naye ameanza masomo. Sare yake nyeupe inawapendeza wateja wote wa baba yake.

"Chuo sikuweza kumshonea," Kirtibhai huwaambia, "lakini sare hii nimeishona mimi."