Baba Wawili wa Muzdalifa

Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege hukosa adabu. Ukiwapa kisogo, wanakula. Ndiyo maana kila asubuhi Muzdalifa hupanda juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama juu ya shamba. Huvuta kamba ya makopo na kupiga ukelele.

"Hoyaaa!"

Kutoka dungu la pili, ng'ambo ya kijito, Mzee Mwinjuma humjibu.

"Hoyaaa!"

Sauti ya mzee imechakaa, lakini hakosi kujibu. Baba na binti hujuliana hali hivyo kutwa nzima.

Wanalima Mbwera, katika delta ya Mto Rufiji. Muzdalifa ni mwanamke mzima, mvi zimeanza kumtoka. Mumewe alimwacha zamani na hakujaliwa mtoto. Ana baba yake, ana kaka yake Miraji, na ana shamba hili. Hana kingine duniani.

Lakini ana tabia moja. Ikisikika injini ya mashua ya serikali, hushuka dungu mbio. Huinama ndani ya mpunga, maji yakimfika magotini, mpaka mashua ipite. Majirani wamezoea. Wanatazama pembeni.

Kwa nini mtu mzima ajifiche shambani kwake? Kwa sababu Muzdalifa hakuzaliwa Mbwera. Alizaliwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Huko vilizuka vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mama yake alikimbia naye, wakapita kijiji hadi kijiji, hadi wakafika delta. Muzdalifa alikuwa mdogo, hata jino la kwanza hajang'oa. Mama alifika akiwa mgonjwa, na haukupita muda akafariki. Mzee Mwinjuma ndiye aliyemzika.

Katika nyumba ya Mzee Mwinjuma, pepeta ya kwanza ya msimu, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, huliwa na watoto wa nyumba tu. Mwaka ule mzee alimpa Muzdalifa kabla ya Miraji. Akasema mbele ya wote, "Huyu amekula pepeta yangu. Asiitwe mgeni tena." Na tangu siku ile hakuna aliyemwita mgeni. Akawa Muzdalifa Mwinjuma.

Miaka mingi baadaye maafisa wa vitambulisho wakaja kijijini. Muzdalifa alitaka kujificha. Miraji akamzuia.

"Dada, nenda. Sema umezaliwa hapahapa. Watu wazima waliokuona ukiingia wamekufa, amebaki baba tu. Naye atakuchongea?"

Muzdalifa akaenda. Akasema amezaliwa Mbwera. Afisa akaandika, kisha akauliza kwa upole, "Bibi mzaa mama yako alizaliwa kijiji gani?"

Muzdalifa akataja kijiji kimoja, kisha akataja kingine.

"Na babu mzaa baba? Dada zake mama yako wanaitwa nani?"

Afisa akamwambia arudi na shahidi. Njia ya mwongo fupi, na yake iliishia palepale mezani.

Siku zilizofuata chakula hakikumshuka. Aliona watakuja kumchukua. Wampeleke wapi? Msumbiji hamjui mtu, na hakuna anayemjua.

Jirani yao Waride alimkuta amekaa kizingitini, analia waziwazi. Waride alisomea usaidizi wa kisheria, na huwashauri watu bila malipo.

"Dada Muzdalifa, kuna msiba?"

"Msiba ni mimi mwenyewe," Muzdalifa akasema. Akamweleza yote.

Waride alimsikiliza mpaka mwisho. "Kosa lako si kutoka Msumbiji," alisema. "Ulikimbia vita, ulikuwa mtoto. Kosa ni kudanganya. Kusema uongo ili upate uraia ni kosa la jinai. Hata ukipata kitambulisho, ukweli ukijulikana unanyang'anywa, na unashtakiwa."

"Sasa nimekwisha."

"Hujaisha. Rudi mwenyewe ukasahihishe kabla hawajakugundua. Kisha nenda uhamiaji, Kibiti. Sheria inamruhusu mgeni kuomba uraia. Unaitwa uraia wa tajnisi. Wataangalia umekaa nchini muda gani, unajua Kiswahili au Kiingereza, na tabia yako ikoje. Lakini kwanza watakuelekeza jinsi ya kuhalalisha ukaaji wako."

"Nikishaomba nitapewa?"

Waride hakumpaka mafuta. "Siwezi kukuahidi. Uamuzi ni wa Waziri. Ni ombi, na safari yake ni ndefu. Ila usimpe mtu yeyote hela eti akufupishie. Ada hulipwa serikalini, nawe unapewa risiti. Na unahitaji shahidi aliyekuona ulivyoingia."

Shahidi alikuwa mmoja tu.

Muzdalifa na Waride walipomweleza Mzee Mwinjuma, aliweka chini kikombe chake cha uji.

"Nikaseme nini?"

"Useme ukweli, baba. Kwamba ulinipokea. Kwamba hukunizaa."

"Sisemi!" Mzee alikisukumia mbali kikombe. "Nilikula kiapo hutaitwa mgeni nyumbani mwangu. Leo nikakuite mgeni mbele ya serikali? Watu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe nilikupa, na pepeta nikakupa. Wanataka nini tena?"

"Shikamoo, mzee," Waride alijaribu. "Hakuna anayekuomba umkane."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kwako."

Wakaondoka. Muzdalifa aliumia kuwili. Alimpenda mzee kwa kukataa, na alimchukia kwa kukataa.

Mchana mmoja wote wawili walikuwa kwenye madungu yao. Injini ikasikika kutoka upande wa bahari. Muzdalifa akashuka kama kawaida yake. Lakini safari hii aliteleza, akaanguka kifudifudi kwenye tope. Hakuthubutu kuinuka. Alilala ndani ya maji, uso tu ukiwa nje, na ndege wakaufuata mpunga wake.

Mzee aliyaona yote kutoka juu. Miaka yote hiyo alikuwa akitazama ndege. Siku hiyo alimtazama binti yake.

Mashua ilipita. Mzee alivuka kijito kwa fimbo yake, taratibu, akamkuta ameketi kwenye tuta, tope limemjaa hadi kwenye mvi.

"Nilisema usiwe mgeni nyumbani mwangu," alisema, na machozi yakamtoka. "Kumbe nimekulea ujifiche kama mwizi shambani kwako mwenyewe. Mwite Waride. Twende Kibiti."

Walipanda mashua ya abiria mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Kibiti. Mbele ya afisa, Muzdalifa alikiri uongo wake kwanza. Mzee akafuata. Alieleza walivyofika, mama alivyougua, alikozikwa.

"Na baba yake mzazi?" afisa akauliza. "Unamjua?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Mama yake aliniambia kabla ya kufa. Aliitwa Tahiri. Alikuwa fundi wa kuunda majahazi. Aliuawa mlangoni kwake, wao wakikimbia."

Muzdalifa aligeuka. Jina hilo hakuwahi kulisikia.

Nje ya ofisi alimuuliza kwa sauti ndogo, "Baba, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilidhani ukilijua jina lake, litaondoka na langu."

Muzdalifa alikasirika. Alitembea mbele peke yake hadi stendi. Kisha akasimama, akamngoja, akamshika mkono. Gari lilipofika akampandisha.

Ikaanza safari ndefu. Barua ya serikali ya kijiji. Kibali cha kuishi. Mahojiano, na mahojiano tena. Jibu lililotoka kila mara lilikuwa, "Subiri." Tangazo lilitoka gazetini ili mwenye pingamizi aseme. Miraji alililinda gazeti lile kama hati ya nyumba, akiwaonyesha watu, "Dada yangu huyo, amekuwa mtu wa magazeti." Hakuna aliyeweka pingamizi. Ikabidi pia Muzdalifa akane uraia wa Msumbiji, nchi ambayo hakumbuki hata harufu yake. Siku hiyo alilia, asijue analilia nini.

Mzee Mwinjuma hakuuona mwisho. Alifariki wakati wa kupandikiza, jibu likiwa bado halijatoka. Maneno yake ya mwisho kwa Muzdalifa yalikuwa swali. "Wamesemaje?"

"Bado, baba."

"Wasikuchoshe."

Barua ilikuja baadaye, ombi limekubaliwa. Muzdalifa akaitwa kula kiapo. Afisa akasoma jina lililojazwa kwenye ombi, "Muzdalifa Tahiri." Hakuna aliyeinuka. Afisa akarudia. Waride akamgusa bega.

"Ni mimi," Muzdalifa alisema. Akainuka akaapa.

Msimu ule Miraji alitwanga pepeta ya kwanza. Aliileta kwenye ungo, akasimama mbele ya dada yake bila mzaha.

"Anza wewe. Ndivyo alivyotaka."

Muzdalifa akala. Ilikuwa tamu.

Asubuhi iliyofuata alipanda dungu. Sasa ana kitambulisho, kimehifadhiwa sandukuni pamoja na cheti cha uraia. Injini ikasikika kutoka upande wa bahari. Miguu yake ilitaka kushuka, akaizuia. Akasimama wima juu ya dungu. Mashua ya serikali ikapita karibu kabisa. Mtu mmoja ndani yake akampungia mkono, naye akapunga.

Kisha akavuta kamba ya makopo.

"Hoyaaa!"

Ndege waliruka. Akatega sikio upande wa dungu la pili, kwa mazoea. Hakuna aliyejibu.