Dawa ya Panya ya Bwana Walter

Panya wa tundu la nne alikuwa amekufa tangu alfajiri, lakini saa tatu asubuhi taya zake zilikuwa bado zinatafuna. Onsongo alimgusa kwa koleo. Mwili ulikuwa baridi, umekakamaa kama kuni, na meno yanaendelea kusaga hewa. Akatazama mlangoni kama kuna aliyeona, kisha akaandika "amekufa", maana daftari la serikali halikuwa na mahali pa kuandika kwamba maiti inatafuna.

Ulikuwa mwaka wa 1951, na panya walikuwa wanamaliza wimbi na mahindi katika maghala ya Kisii yote mpaka Nyamira. Bwana Walter, mzungu mkuu wa kituo cha utafiti nje ya mji, alikuwa ameleta kutoka pwani chupa za vijidudu vya kuwaua. Vilikwanguliwa matumboni mwa panya waliookotwa katika nyumba ya mawe ambayo hakuna mtu aliyekubali kulala humo. Dereva Mnubi aliyezipakua chupa hizo alinawa mikono mara tatu, akasema hii si dawa, ni jini mmemtia chupani, na siku hiyohiyo akaomba uhamisho. Walimcheka. Onsongo alicheka kuliko wote, kwa kuwa yeye alikuwa Msabato na mtu wa sayansi, miaka ishirini kazini, hababaishwi na maneno ya dereva.

Kazi yake ilikuwa kupima madhara. Aliwalisha vijidudu hivyo kuku, ndama na mbuzi, akavimwaga kijitoni na kwenye udongo wa migomba, akangoja siku kumi na tano. Kuku walitaga, samaki waliogelea, mbuzi akanenepa. Panya tu ndio waliokufa, siku ya tatu, baada ya kuraruana mpaka tundu likajaa damu na manyoya. Sasa ilibaki sahihi ya Onsongo, kisha asimame barazani awaeleze watu, kwa sababu Wagusii wangemwamini yeye kuliko mzungu.

Mbuzi wa majaribio alitakiwa achomwe moto. Hapo ndipo Onsongo alipoharibu. Lakini niambie, Mgusii gani mwenye akili zake atachoma mbuzi aliyenona hivyo, wakati mkazamwana wake ana mimba ya miezi minane? Alimchinja, akapeleka paja zima kwa Bonareri, mke wa mwanawe Momanyi. Alilikabidhi mlangoni huku ametazama pembeni, kwani baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na heshima hiyo hata Wasabato hawakuiacha. Bonareri alichefuliwa na harufu ya nyama, hakula. Momanyi alikula na kulamba vidole.

Siku ya tatu, alasiri ya mvua, Onsongo alikuwa kwake akimalizia ripoti aliposikia mbwa wa Momanyi akilia, kisha akanyamaza ghafla. Upepo ukaleta harufu ya matundu ya panya. Alitia karatasi mfukoni akatoka. Mbwa alikuwa amelala uani, koo limenyofolewa, na alama za meno zilikuwa za mtu.

Ndani ya nyumba kulikuwa giza. Sauti ya Momanyi ikatoka humo, ya upole, ikimwita baba kwa Kigusii.

"Tata, karibu ndani."

Onsongo alisimama nje ya kizingiti. Mwanawe asingetamka maneno hayo hata kama nyumba ingekuwa inawaka moto.

"Ingia, Tata. Unaogopa nini, na wewe ndiye uliyenipima?"

Bonareri akapiga yowe moja lililokatika katikati, na Onsongo akaruka kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka, akamkuta Momanyi amemkandamiza mkewe ukutani, mkono mmoja kooni, meno yamezama begani, damu inamiminika mpaka kwenye tumbo lile kubwa, na kuta zote zimekwaruzwa hadi fito zinaonekana. Akanyakua mchi akampiga mwanawe mkono mpaka mfupa ukatokeza, na Momanyi akacheka, na ule mkono uliovunjika ukazidi kukaba, na Onsongo alipojaribu kuuvuta alishikwa kiganja, vidole viwili vikang'olewa kwa meno na kutafunwa mbele ya macho yake, polepole, kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma.

Kisha sauti ikabadilika. Ilikuwa ndogo, tena nyingi.

"Wewe ndiye unayeandika. Andika kwamba sidhuru mtu. Nikipewa maghala yote, huyu mwanao mmoja nitamtakia nini?"

Bonareri, pumzi ikimwishia, alitikisa kichwa: usiandike. Onsongo alimwona. Maisha yake yote hakuwahi kudai kwamba hakumwona. Lakini Momanyi alikuwa mtoto wake wa pekee, na penseli ilikuwa mfukoni. Aliandika: salama kwa watu. Akaweka sahihi.

Momanyi akaanguka. Baadaye alifumbua macho, akamtambua baba yake, akajifunika uso kwa aibu.

"Tata, mbona uko ndani ya nyumba yangu?"

Onsongo alilia kwa furaha, akatoka kinyumenyume. Bonareri alifunga kitambaa begani, akachukua mzigo wake, akaenda kwao Nyamira kwa miguu katika mvua. Hakuaga mtu.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na baraza sokoni Daraja Mbili. Onsongo alisimama mbele ya umati, chupa zimepangwa mezani, Bwana Walter akiwa nyuma yake kitini, na Momanyi, mkono umefungwa, alikuwa amesisitiza kuja. Mwanamke mmoja aitwaye Nyanchera, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza kuhusu watoto wanaotambaa ghalani na kutia mdomoni kila wanachookota. Nao hawatadhurika?

Onsongo alikuwa ameamka na nia ya kusema kweli, bila kujali kazi wala jela. Alifungua mdomo. Mkono wa mwanawe, ule uliovunjika, ukatua begani mwake mbele ya umati wote, jambo ambalo kijana wa Kigusii hamfanyii baba yake, na vidole vikaanza kubana mpaka mfupani. Akajua kwamba hakuna kilichomtoka mwanawe.

"Hata watoto," alisema.

Nyanchera akanyoosha mkono, akapewa chupa yake.