Nani Alifungua Banda?

Kila asubuhi, kabla ya usafi, wanafunzi wa klabu ya kuku katika shule moja ya Unyambwa hupita bandani kumwaga pumba, kubadili maji na kuokota mayai. Siku hiyo Editha, mwenyekiti wao, alifika mbiombio na chupa ya chai iliyojaa barafu, na ndani yake kichupa cha chanjo ya kideri. Ugonjwa ulikuwa umeshafyeka kuku wa mtaa wa jirani. Wa klabu wasipochanjwa, wangekwisha wote.

Alikuta mlango wa banda wazi. Kuku walikuwa wametawanyika kwenye mashamba ya alizeti, na kuku wa kienyeji akishatoka kuchakura, kumkamata ni kujichosha bure.

"Nani alifungua banda?"

"Mimi," alisema Mughwai. "Kama kila siku."

Editha alimporomoshea maneno mbele ya wenzake: mzembe, kichwa maji, hana hata aibu. Si jana tu alitangaza mstarini kwamba leo kuna chanjo?

Mughwai naye hakuwa wa kunyamaza. "Ulitangaza chanjo. Uliniambia lini nisifungue? Nani akamate kuku, nani adondoshe dawa? Wewe kazi yako kufoka tu."

Editha aliinua mkono ampige, na hapo hapo Mwalimu Rahabu, mlezi wa klabu, aliyekuwa amesikia mabishano yao, akatokea. Kwa hasira, Editha alisahau hata shikamoo.

"Shusha mkono," alisema Mwalimu, naye amekasirika kuliko wote. "Mughwai amefanya kazi yake. Ya kwako iko wapi?"

Editha alichukia kusemwa mbele ya watu, ingawa yeye alikuwa ametoka kumsema mwenzake vivyo hivyo. Mkuki kwa nguruwe! Kilichomuuma zaidi ni kwamba Mwalimu alisema kweli.

Mchana aliwaita wenzake darasani. Alimwomba Mughwai radhi kwanza, naye akaipokea kwa shingo upande. Ndipo wakapanga. Kuku wakirudi wenyewe jioni, Mughwai angefunga mlango na kuwakamata pamoja na Scola. Elisha angedondosha dawa jichoni, na Anastasia angemfunga uzi mguuni kila aliyechanjwa.

Jioni kazi ilikwenda. Editha alimkuta Elisha akipiga soga huku kichupa kikipata joto kiganjani. Hasira ilimpanda tena, akaimeza, akamwelekeza akirudishe kwenye barafu. Mwisho alikagua miguu ya kuku wote. Tetea mmoja aliyekuwa akiatamia pembeni hakuwa na uzi. Editha hakuuliza nani mzembe. Alimbeba mwenyewe hadi kwa Elisha.

Kideri kilipofika Unyambwa, kuku wa klabu walinusurika. Klabu ilifurahi, lakini Mwalimu Rahabu hakulainisha sauti.

"Editha, cheo si mdomo," alisema. "Panga mapema, mpe kila mtu kazi yake, mwongoze akiifanya, kisha kagua. Usipofanya hivyo mambo yakaharibika, usiulize nani alifungua banda. Ni wewe."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Editha, akaenda kuwapangia wenzake kazi za kesho.