Mguu wa Saba

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Ketrina alipita nyumbani kuchukua chakula cha mjomba wake, akakifunga kwa kitambaa, kisha akapanda njia ya udongo mwekundu kuelekea shule ya sekondari. Shule hiyo ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya Vwawa, na mara nyingi ilimbidi asimame asubiri msururu wa malori yanayokwenda Tunduma upite ndipo avuke. Alikuwa darasa la sita, mwenye miaka kumi na miwili. Mwaka huo wa 2004 hakukuwa na kazi aliyoipenda kuliko hiyo ya kupeleka chakula.

Mjomba wake, Mwalimu Asajile, alifundisha baiolojia. Katika maabara yake, kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha, kulikuwa na hadubini, na kando yake kichupa kidogo cha spiriti. Ndani ya kichupa hicho alilala mnyama mmoja mweupe, asiyezidi punje ya mchele. Hakuwa na macho.

"Ni wa jamii ya uduvi na kaa," Mwalimu alimweleza mara ya kwanza. "Lakini huyu haishi baharini wala ziwani. Anaishi chini kabisa ya ardhi, kwenye maji yaliyo gizani. Macho angeyafanyia nini?"

Mnyama huyo alitoka bonde la Momba, katika kisima kirefu cha bomba la mkono. Mfugaji mmoja aitwaye Maduhu alimwona wa namna hiyo kwenye ndoo yake, akaogopa, akamleta kwa Mwalimu akiwa amekauka na kuvunjikavunjika. Mwalimu akaenda mwenyewe wakati wa likizo. Kwa siku tisa alipampu maji na kuyachuja kwa kitambaa chepesi, akapata huyu mmoja tu. Alivitafuta vitabu vyote alivyoweza kuvipata, asimwone anayefanana naye. Akamwandikia mtaalamu wa viumbe hao Dar es Salaam, Daktari Tabita, naye akajibu: "Huenda ni aina mpya. Nitumie mnyama na maelezo yake. Lakini achorwe kwanza, kwa sababu safari yaweza kumvunja. Akivunjika, mchoro ndio utakaobaki kuwa shahidi."

Tangu augue mwaka uliopita, mikono ya Mwalimu Asajile ilitetemeka. Mikono ya Ketrina haikutetemeka. Shuleni kwao yeye ndiye aliyechora ramani zote za ukutani. Ndiyo maana mjomba alimpa penseli.

"Chora unachokiona," alimwambia. "Sehemu usiyoiona vizuri, weka nukta nukta. Na usimguse kwa sindano nisipokuwapo."

Kazi ilikwenda vizuri. Mnyama alikuwa na jozi saba za miguu, na kwa siku nne Ketrina alichora jozi moja baada ya nyingine, akihesabu kila mwiba. Ilipofika Jumanne kulibaki mguu mmoja tu, wa saba upande wa kulia. Mwenzake wa kushoto ulikuwa umekatika tangu kisimani. Huo wa kulia ulikuwa umejikunja chini ya tumbo, hakuna aliyewahi kuuona wote.

"Nitaufungua mimi taratibu, nawe utauchora," Mwalimu alisema. Kabla hajashika sindano, akaitwa kikaoni. "Nisubiri. Sichelewi."

Akachelewa. Wingu la mvua likaanza kupanda, na mwanga kwenye hadubini ukafifia. Ketrina akaitazama sindano. Akajiambia kwamba mkono wake ni mtulivu kuliko wa mjomba. Ingekuwa vizuri arudi akute kazi imekwisha.

Akaingiza ncha ya sindano chini ya mguu, akauinua kidogo. Ukafunguka nusu. Akauinua tena. Ukachomoka.

 Alitafuta ndani ya kisahani cha spiriti alimolazwa mnyama, akageuza kioo cha hadubini huku na huku, akatazama mezani na sakafuni. Hakuuona. Nje mvua ilianza kupiga bati, na kwenye korido zikasikika hatua za walimu wakitoka kikaoni.

Ketrina akachukua penseli. Akautazama mguu wa sita aliouchora jana, akachora mwingine kama huo, mrefu kidogo zaidi. Ili usionekane umenakiliwa, akauongezea miiba. Saba.

Mlango ukafunguka. "Pole, mama, wamenishika," alisema Mwalimu. Akaiona karatasi. "Aa! Umeuona mwenyewe?"

"Ndiyo, Mjomba. Ulijikunjua wenyewe."

Uso wa mjomba uling'aa. Kwa kuwa giza la mvua lilikuwa limeingia, hakuinama tena kwenye hadubini. Alimrudisha mnyama katika kichupa, akamimina spiriti ya kisahani kwenye chupa ya spiriti iliyokwisha kutumika, kwa maana spiriti ilikuwa adimu na hakumwaga hata tone. Kisha akarudi kwenye mchoro na kuhesabu kwa kidole.

"Miiba saba! Ketrina, ndugu zake wote waliomo vitabuni wana minne au mitano. Unaona ulichokipata? Hii ndiyo itakayothibitisha kwamba ni aina mpya."

Usiku huo Ketrina hakula. Mama yake, Fortunata, alidhani ni homa. Jumatano Mwalimu aliandika maelezo yake yote, na miiba saba akaiweka mwanzo kabisa. Aliwaeleza walimu wenzake. Ketrina alijifariji kwa neno moja tu: mnyama atafika Dar es Salaam bila mguu, na kila mtu atasema umevunjika njiani.

Alhamisi jioni Maduhu alifika nyumbani kwao. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti zito hata wakati wa jua, na alimletea dada wa Mwalimu kibuyu cha maziwa kwa shukrani. Fortunata akamkaribisha sebuleni, Ketrina akaleta chai.

"Mdogo wangu," Maduhu alimwambia Fortunata, "kaka yako ametuokoa. Watu kule walisema nimewaletea funza kisimani. Wakalikimbia bomba, wakarudi kunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Watoto watatu wakaharisha mpaka wakalazwa. Wa kwangu mmojawapo."

"Masikini! Sasa wanaendeleaje?"

"Wamepona. Mwalimu alipeleka maji ya kisima yakapimwa, akatuambia ni safi, na mdudu yule hamdhuru mtu. Nikawaambia wenzangu: Mwalimu yule akisema kitu, kiko. Kwa neno lake wamerudi kwenye bomba. Nao wanangoja hiyo karatasi yake ya Dar es Salaam waione kwa macho."

Ketrina aliweka kikombe mezani. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Karatasi ya Dar es Salaam. Je, siku moja wakimpata mnyama mwingine, wakahesabu? Watasema Mwalimu Asajile alidanganya juu ya miiba. Na aliyedanganya juu ya miiba, nani atamwamini juu ya maji?

Ijumaa aliamka akiwa ameazimia kusema atakapopeleka chakula. Lakini kabla hajakwenda shule mama yake akamwambia: "Leo usipite maabara. Mjomba wako anakwenda stesheni saa nane. Ipyana, mwanafunzi wake wa zamani, anarudi chuo kikuu kwa treni. Yeye ndiye atakayebeba huo mzigo wenu."

Saa saba na nusu Ketrina alikuwa bado darasani. Alisoma sentensi moja mara tano. Mwishowe akasimama.

"Mwalimu Rosemary, naomba ruhusa."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimemdanganya mjomba, na uongo wangu unaondoka na treni."

Darasa likacheka. Mwalimu Rosemary hakucheka. Alimtazama kidogo, akasema, "Nenda. Jumatatu utanieleza."

Ketrina alikimbia. Alipita sokoni akiruka matenga ya nyanya, akasimamishwa barabarani na lori lililokuwa likipinda polepole, akahesabu magurudumu yake kwa hasira. Alipofika njia ya stesheni akasikia honi upande wa Tunduma. Viatu vilimteleza kwenye matope, akaanguka, akainuka.

Treni ilikuwa imekwisha simama. Watu walisukumana na magunia yao mlangoni. Karibu na behewa la tatu alimwona mjomba wake akimpa kijana mkono, na kijana huyo amekumbatia boksi dogo lililofungwa kwa utepe wa gundi.

"Mjomba! Mzigo usiondoke!"

Mwalimu Asajile akageuka. "Ketrina? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitu. Mguu wa saba... niliuvunja. Siku ya Jumanne, kwa sindano. Ukapotea. Sikuuona, Mjomba, nikaubuni."

"Na miiba saba?"

"Niliibuni."

Mwalimu alimtazama usoni. Ketrina alitamani achapwe palepale, mbele ya watu wote, kuliko kutazamwa vile. 

"Mwalimu," Ipyana alisema kwa sauti ya chini, "treni inaondoka. Acha niende nao. Mguu wenyewe si umeshavunjika? Nani atajua? Utamwandikia Daktari barua baadaye."

Filimbi ikapulizwa. Abiria wa mwisho akavutwa ndani. Ketrina aliona macho ya mjomba yakienda kwenye boksi, yakaenda kwenye mlango wa behewa, yakarudi.

"Nipe mzigo wangu, Ipyana," alisema Mwalimu. "Safari njema."

Treni ikaondoka. Walirudi mjini kwa miguu. Walipofika barabara kuu ndipo Mwalimu alipouliza, "Kisahani ulikimwaga wapi?"

"Sikukimwaga mimi. Ulikimimina wewe, kwenye chupa ya spiriti iliyotumika."

Mwalimu akasimama. "Basi kesho asubuhi njoo mapema. Na usiniambie samahani leo. Nimekasirika, sitaisikia."

Jumamosi walikaa mezani tangu saa moja. Walichuja chupa nzima kwa kitambaa, kisha wakatazama uchafu uliobaki, tone moja moja, chini ya hadubini. Waliona mabawa ya nzi, nyuzi za pamba, mguu wa panzi. Saa nne Ketrina alikuwa na machozi. Mwalimu alimsogezea tone jingine. Saa sita kasoro, Ketrina aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini.

"Mjomba. Njoo uangalie wewe. Mimi sitaki kusema."

Mwalimu akainama. Alikaa hapo muda mrefu.

Haukuwa mguu mzima, ilikuwa nusu ya mwisho tu. Haukuwa na miiba saba wala minne. Ilikuwa miwili, na kati yake kulikuwa na ukucha mpana uliopinda kama mundu, na ndani ya mundu huo meno madogo yaliyojipanga kama ya msumeno.

"Kitu kama hiki sijakiona katika kitabu chochote," Mwalimu alisema taratibu. "Wala wewe usingeweza kukibuni. Chukua karatasi mpya."

Ketrina alichora nusu ile iliyokuwapo. Nusu iliyopotea akaiwekea nukta nukta. Halafu mjomba akampa karatasi nyingine. "Na hii ni ya kumwandikia barua Daktari Tabita. Andika mwenyewe jinsi mguu ulivyovunjika. Mimi nina kazi ya kwenda kuwaambia walimu wenzangu kwamba nilichowatangazia si kweli."

Kuandika barua ile kulikuwa kugumu kuliko kuchora miguu yote. Iliondoka na boksi kwa treni iliyofuata. Kwa wiki tano hakukuja jibu, na kila siku Ketrina alipopeleka chakula, hakuthubutu kuuliza. Wiki ya sita Mwalimu alimsomea mistari miwili: "Mwambie mchoraji wako kwamba ukucha ule unatosha kabisa kunileta huko. Na kwa kuwa amenieleza alipokosea, naamini mahali pengine pote alipochora."

Mwezi wa sita Daktari Tabita alikuja. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na kofia ya nyasi, naye alipampu bomba la kisima kwa zamu pamoja na Maduhu na mkewe Miriamu, huku Ketrina, Mwalimu na watoto wa kijiji wakishika kitambaa cha kuchujia. Siku ya tatu walipata wawili wazima. Daktari aliwafungua miguu ya saba kwa uangalifu, na kila mguu ulikuwa na mundu wake. Aliwaonyesha wanakijiji kwenye hadubini, mmoja mmoja. Mzee mmoja alitazama, akajifuta jicho, akaomba kutazama tena. Miriamu akajaza ndoo yake, akamimina kikombe, akanywa mbele ya wote.

Mwaka uliofuata maelezo yalichapishwa. Aina hiyo mpya ilipewa jina la Momba, na chini ya michoro liliandikwa jina la Ketrina.

Lakini lile ambalo Ketrina alilikumbuka zaidi, mjomba wake alimwambia jioni ile ya kisimani, wakati wengine wakifunga mizigo. Ketrina alikuwa amemuuliza, "Mjomba, kwa nini hukunichapa siku ile?"

Mwalimu Asajile aliliweka chini boksi la hadubini.

"Ulipovunja mguu, mkono wako uliteleza. Hukunisikiliza, ndiyo, lakini hata wangu ungeweza kuteleza. Mambo hayo hutokea, nayo hutangazwa ili watu wasaidiane kutafuta. Ulipochora ule mwingine ndipo ulipokosa hasa. Mimi ningemwambia Daktari, Daktari angeuambia ulimwengu, Maduhu angewaambia majirani zake, na sote tungekuwa tunasema kwa moyo safi. Uongo huanza na mmoja anayejua, mwanangu. Wengine wote huubeba bila kujua, na siku ukidondoka unawavunja miguu wao. Wewe uliukimbilia, ukaushusha. Fimbo gani ingekufundisha zaidi ya mbio zile?"

Akainua boksi la hadubini, akampa Ketrina upande mmoja alishike.

"Utakosea tena, sote hukosea. Ila siku hiyo usingoje Ijumaa. Njoo Jumanne ileile."