Diwani wa Mkono wa Kulia

Sauti ya Nangila ilikatika katikati ya sentensi, na soko zima la Kibuye likacheka. Alikuwa amesimama juu ya mkokoteni, gauni jeupe la kitani, akidai mabomba ya maji kwa watu wa mtaa duni wa Manyatta. Wechuli, fundi wa spika, akapanda na kukaza waya wa maikrofoni.

"Shika karibu na mdomo, mama. Haiumi."

"Na wewe je, unauma?"

Miezi minane baadaye walikuwa wakipendana waziwazi, binti wa balozi mstaafu na fundi wa Manyatta. Lakini kila Jumanne nyumba ya Nangila kule Milimani ilijaa wanasiasa. Aliwalisha samaki, akawachekea, akawabana mmoja mmoja wauunge mkono mswada wa maji. Mkono wake wa kulia aliketi diwani Obeid, suti ya buluu, akimmenyea chungwa. Wechuli, nyuma ya mitambo yake ya sauti, alihesabu kila mara Obeid alipomgusa bega.

Jumanne moja, baada ya hotuba, Nangila alisahau kuzima maikrofoni iliyobanwa kwenye kola ya gauni. Wechuli akasikia kwenye hedfoni: "Obeid, nitakujibu Ijumaa. Wechuli asijue."

Alikunja nyaya zake akaondoka. Simu kumi na moja za Nangila hakupokea. Ya kumi na mbili alipokea, akasema, "Mpigie mmenya machungwa," akakata.

Jumamosi asubuhi Nangila alitokea kwenye karakana ya Wechuli, viatu mkononi, matope hadi kwenye vifundo.

"Kura ya maji tumeshindwa jana," alisema. "Kwa kura moja. Ya Obeid."

"Pole. Si ulikuwa na jibu lake?"

"Nilikuwa nalo. Alisema atatupigia kura nikikubali anioe. Nikaomba siku tatu nitafute kura nyingine. Sikuipata. Nikamwambia hapana."

Wechuli aliweka bisibisi chini. Nje, wanawake walikuwa wamepanga foleni ya madumu.

"Ungeniambia, mpenzi."

"Ungempiga."

"Ningempiga sana."

"Na mswada ungekufa siku hiyo hiyo." Machozi yalimlengalenga. "Siku tatu nimebembeleza watu, nawe ukanikatia simu."

"Nilikuwa nawaka, Nangila. Nisamehe. Hata sasa bado nawaka."

Simu ya Nangila ikaita. Obeid. Wechuli alilisoma jina kwenye kioo. Nangila akamnyooshea simu.

"Pokea wewe."

Alifuta mkono kwenye suruali, akapokea.

"Mheshimiwa, huyu ni Wechuli. Mswada tutaurudisha, na kura yako hatuihitaji. Halafu Nangila anaolewa Desemba. Nami."

Akakata. Ndipo alipokumbuka kwamba hajamuuliza Nangila mwenyewe kama atakubali. Akainua macho polepole.

Nangila alikuwa ameketi juu ya spika, akipangusa matope miguuni.

"Novemba," alisema. "Desemba nitakuwa na kampeni."